Mama Mwenye Sufuria Kichwani

Niseme mapema kwamba mimi sina ugomvi na miungu ya watu. Kila mtu na wake. Lakini ukiishi nyumba moja na mungu mke kwa miaka mingi, ukimpangusia vumbi na kumfungia pazia jua lisimchome, na yeye hajawahi hata kukusalimia, basi unaruhusiwa kumsema.

Huyu wa kwetu alikaa Oud Metha, ghorofa ya nne, kwenye chumba cha kusomea cha Daktari Yaqoub, mzee wa Kiiraki aliyeng'oa meno ya nusu ya Dubai kabla mikono haijaanza kumtetemeka. Mimi ndiye mpishi wake, mfagiaji wake, mtu wa kumkumbusha dawa na wa kugombana naye juu ya chumvi. Jina langu Wangari, kwetu Ol Kalou. Yeye ndiye kafeel wangu, yaani visa yangu iko chini yake. Akikohoa yeye, mimi ndiye ninayeshikwa na homa.

Wanaume wengine wakistaafu hucheza drafti, wengine huongeza mke. Daktari aliongeza sarafu. Alikusanya sarafu za fedha za Wagiriki wa kale, tena si zote, bali zile tu zenye sura ya Athena, mungu wao wa akili na vita. Alizinunua minadani kwa haki, kila moja ikaja na karatasi zake kama ng'ombe wa gredi. Alizipanga kwenye trei za mbao zenye mahameli mekundu, kila sarafu na kitundu chake. Zilikuwa nene kama biskuti, hazikuwa na mviringo wa kueleweka, na zilikuwa nyeusi. Weusi huo, aliniambia, ni wa karne na karne, nao ndio heshima yake. Nilimjibu kwamba kwetu kitu kikikaa karne bila kuoshwa hatukiiti heshima.

Upande mmoja ni huyo mama, ameangalia kando kama aliyenuna, kichwani amevaa kofia ya vita inayofanana na sufuria iliyofunikwa kisogoni. Upande wa pili ni bundi.

Ndiyo, bundi. Kwetu bundi hatajwi watu wakila. Akilia juu ya paa, mtu hutoka na kijinga cha moto kumfukuza, na mwenye mgonjwa ndani halali. Wagiriki wao wakamtia kwenye pesa wakaenda naye sokoni. Tena mama anaangalia kando, bundi ndiye anayekutazama usoni, macho yote mawili. Namshukuru Mungu wangu, huyu wa juu, kwamba daktari alizilaza zote uso wa mama juu, bundi chini kwenye mahameli. Mimi nilipangusa kioo na mbao. Sarafu zenyewe sikuzigusa hata siku moja.

Kila asubuhi mzee aliingia mle akasema, "Sabah al-khair, sitti," maana yake bibi yangu, kisha akageuka akasema, "Wangari, chai." Mkewe alipokuwa hai aliwahi kuniambia kwamba yeye hana wivu, kwa sababu mke mwenza asiyekula ni nafuu. Alipokufa, mzee alianza kuchoma udi kila Ijumaa kwa ajili yake, kwenye chetezo cha shaba cha mkewe yuleyule, na moshi ulipanda mpaka kwa sitti pia. Wake wawili, udi mmoja. Wanaume ni wabahili hata kwenye kumbukumbu.

Tulikuwa tumetulia hivyo mpaka mzee alipoteleza bafuni.

Hakuvunjika kitu. Lakini mwanawe Elias, mwenye ghala la vigae kule Dubai Investments Park, alikuja akatazama bafu kama polisi anayetazama mahali pa mauaji, akaamua kwamba baba ahamie Canada kwa dada yake. Mzee akasema sitti haendi kwenye baridi. Elias akasema basi sitti auzwe. Walivutana hivyo wiki nyingi, na mzee mwishowe akachoka. Uzee una hilo: si kwamba unashindwa hoja, unashindwa pumzi.

Alikuja jikoni kuniambia, akawa anaongea na friji.

"Wangari, Ijumaa mtu atakuja baada ya asr."

"Atakula?"

"Atanunua."

Nilizima moto. "Na wewe, sir?"

"Mimi nitakwenda kutazama theluji."

Nilikasirika, na sitaficha. Nyumba yangu Ol Kalou ilikuwa imefika kwenye linta, juu ya madirisha, ikasimama, na mwanamke wa umri wangu hatafuti kafeel mpya kama anayetafuta kiatu. Lakini hilo halikuwa lote. Niliona mzee amekaa kwa dirisha huko Canada, analetewa chai ya kopo na mtu asiyejua kwamba anataka iliki mbili zilizopasuliwa, na kwamba akisema haumwi ndipo anaumwa. Jambo hilo lilinichoma kuliko linta. Nampenda mzee yule. Ni msumbufu, na nampenda.

Kwa ajili ya kufungasha vitu niliruhusiwa kuleta msaidizi, nami nilimchagua mwenyewe kwenye fellowship yetu ya Al Baraha. Rispah, binti wa Nyamira, mchapakazi wa kukera. Ana ugonjwa wa wasichana waliolelewa vizuri: hawezi kuona sufuria nyeusi akanyamaza. Kwao, aliniambia, wageni wa kike wakija hawaangalii sebule, wanaangalia matako ya sufuria kwenye kichanja cha nje. Sufuria ikiwa na masizi, binti wa nyumba hiyo haolewi, na mamake hatakiwi kuongea sana kanisani. Ndani ya siku chache sufuria zangu zote ziling'aa hata nikaona aibu kuzipikia.

Siku yake ya kwanza nilimwonyesha chumba cha kusomea. Nilimfanyia mzaha tu, kama ninavyowafanyia wote. "Huyu ndiye mama mwenye sufuria kichwani," nilimwambia. "Mgongoni kwake kuna bundi. Mimi bundi simgusi."

Rispah alichungulia kioo kwa muda. "Sasa Anti, huyu mama, hiyo sufuria yake, hakuna mtu anaiona?"

"Anaona nani? Yalla, twende."

Mafunzo yote niliyompa yalikuwa hayo.

Ijumaa asubuhi nilimpeleka mzee kwa kinyozi, kwa sababu hata ukienda kumuuza mungu wako unanyoa kwanza. Tukiwa mlangoni alimgeukia Rispah akampa amri kwa kile Kiingereza chake cha kukata: mgeni anakuja, chumba king'ae, kila kitu king'ae. Rispah akasema yes sir. Laiti angekuwa mvivu.

Tuliporudi, mzee alikwenda moja kwa moja kulala kidogo. Mimi nilisikia harufu ya ndimu, nikaifuata mpaka jikoni.

Rispah alikuwa amejifunga leso. Mbele yake palikuwa na donge la unga wa chapati, limetandazwa kama mto wa mtoto, na ndani ya unga, zimezama mpaka kiunoni, zilikuwa sarafu za daktari. Kando kulikuwa na ndimu zilizokamuliwa, zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, na chetezo cha marehemu, kitupu. Jivu lote la udi lilikuwa kwenye sahani. Zile alizokwisha kumaliza alikuwa amezipanga kwenye kitambaa, na zilikuwa nyeupe. Nyeupe kama kijiko cha harusi.

Nilishika sinki.

"Rispah. Umefanya nini?"

"Nimebakisha hizi tu, Anti. Zilikuwa zinateleza mkononi, ndio nikatafuta unga wa kuzishika. Jivu ni la kwa hicho kitu cha udi. Liko smooth kuliko la makaa ya nyumbani."

"Nani alikutuma kuziosha?"

"Sir alisema kila kitu king'ae." Akanitazama, akaanza kuingiwa na wasiwasi. "Na bundi sijamgusa. Nilimtoa kwa koleo ya sir ya meno, nikamlaza kwa unga. Wewe ulisema bundi hagusiki."

Niliitoa sarafu moja kwenye unga. Uso wa mama uliwaka kama taa. Niliigeuza kwa ncha ya kucha. Bundi alikuwa mweusi kama alivyokuwa jana na karne zote za nyuma. Na pale kwenye donge, palipotoka sarafu, bundi mwingine mweupe wa unga alikuwa ananikodolea macho. La kuvunda halina ubani, nilijisemea, na sisi hata ubani tumeusugulia.

Nilikuwa bado nimemshika bundi yule nikitafuta maneno ya kumwamshia mzee, kengele ikalia. Elias hakungoja asr. Alikuja na mnunuzi, Mzungu wa suti ya kitani iliyokunjamana, kioo cha kukuzia kimening'inia shingoni. Nilimwambia Rispah azirudishe zote kwenye trei kwa koleo, upesi, nikaenda kufungua mlango polepole kuliko nilivyowahi kufungua mlango wowote.

Niliwapa maji. Niliwapa tende. Niliuliza habari za vigae. Elias akasema, "Wangari, khalas, mwite baba."

Mzee alitoka amevaa koti lake la zamani la kliniki, amenyolewa, mnyonge. Aliingia mbele yetu kwenye chumba cha kusomea, akafungua kabati, akavuta trei ya kwanza. Hakusema sabah al-khair.

Mnunuzi aliinua kioo chake, akainama, kisha akakishusha. Alimtazama Elias kama mtu aliyeitwa kula biriani akapewa picha yake.

"Nani amefanya hivi?" aliuliza.

Elias aligeuka rangi. Akaniangalia mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akasahau kuniita kwa jina. "Wewe?"

"Jikoni kwangu ndiko kulikofanyika," nilisema. "Kwa hiyo ni mimi."

"Si yeye," Rispah alisema nyuma yangu. Alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. "Ni mimi, sir. Mnisamehe. Nyumba inapata wageni, na huyu mama alikuwa na sufuria chafu kichwani."

Elias alianza kusema kuhusu visa, na airport, na leo hiihii. Mzee aliinua mkono wake unaotetemeka, naye akanyamaza. Daktari alikuwa amechukua sarafu moja na kuigeuza. Aliitazama kwa muda mrefu upande wa bundi.

"Huyu hukumwosha," alisema.

"Huyo ni bundi, sir."

"Naona ni bundi. Kwa nini hukumwosha?"

Rispah aliniangalia, nikamwambia kwa macho aseme tu, maana tumeshazama.

"Kwetu, sir, bundi ukimsugua umemwamsha. Akiamka anaita mtu. Na hapa ndani mzee ni wewe pekee."

Kisha mzee akatoa sauti, nikadhani ni moyo, nikasogea kumshika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka meno yake ya juu, aliyoyatengeneza mwenyewe na kuyasifu kila siku, yakamtoka yakaangukia kwenye mahameli katikati ya miungu. Tangu tumzike mkewe sikuwahi kumsikia akicheka hivyo, na machozi yalinitoka bila kuniomba ruhusa.

Aliyarudisha meno mdomoni, akaigeuza sarafu, akasogea nayo dirishani. Sasa uso wa mama ulionekana wote, kidevu, jicho, ile midomo ya kuchukia.

"Wallah," alisema taratibu, "ni mama mkwe wangu. Ni yeye mzimamzima. Miaka yote hii nimekuwa nikimwamkia mama mkwe."

Mnunuzi hakuona kichekesho. Alieleza kwa upole kwamba fedha iliyosuguliwa ni kama mtu aliyechunwa ngozi, kwamba wateja wake wanataka ule weusi, na kwamba kwa hali hii hachukui hata moja. Elias akamuuliza kama weusi unarudi. Unarudi, alisema, ukiachwa kwenye hewa, pole pole. Wapo wanaoharakisha kwa yai lililochemshwa, wanalikata na kuliweka karibu na sarafu kwenye sanduku, kwa sababu fedha hupiga weusi kwa ule mvuke wa yai. Yeye binafsi hapendezwi na ujanja huo, lakini akija tena akakuta zimekuwa nyeusi vizuri, ataangalia.

Elias alishika hilo yai kwa mikono miwili. "Basi tutaweka mayai. Baba, nipe ahadi. Siku sarafu zikirudia weusi wake, unauza na unasafiri."

Mzee hajawahi kuvunja ahadi, ndiyo maana hapendi kuzitoa. Alinitazama mimi, akamtazama Rispah na viwiko vyake vya unga, akaitazama sarafu.

"Siku zikirudia weusi wake," alisema. "Wallah."

Walipoondoka nilidhani tumepona. Hatukupona. Elias alileta sanduku la plastiki lenye mfuniko na trei nzima ya mayai, na tangu hapo ikawa kazi yangu. Fikirini. Mimi Wangari, mwanamke niliyebatizwa, ninayeongoza maombi ya Jumapili kule Al Baraha, nikawa namchemshia mungu wa Wagiriki yai kila asubuhi, nalimenya, nalikata, nampelekea. Daktari mwenyewe alikatazwa mayai kwa sababu ya mafuta kwenye damu. Yeye anakula uji, mama mkwe anakula mayai. Kwenye fellowship nilipoulizwa hali ya kazi nilisema ni ya kawaida.

Na mayai yalifanya kazi, hilo ndilo lililonitia baridi. Kwanza sufuria ya mama ilipata manjano, kama kijiko cha mchuzi. Baadaye ikawa kahawia kwenye ukingo. Elias alipiga simu kila Alhamisi kuuliza amekuwaje, nami nikamwambia anaendelea, kama mgonjwa. Mzee hakuuliza. Aliacha kuingia chumba cha kusomea, kisha akaacha kumaliza uji. Siku moja nilimkuta anatoa nguo kabatini na kuzirudisha, anatafuta sweta.

Rispah, ambaye mzee alikataa katakata afukuzwe, alikuja kusimama karibu yangu kwenye jiko.

"Anti," alisema, "umeona ile sufuria imeanza tena?"

"Nimeona."

"Na itaachwa tu hivyo?"

Nilikaa na swali hilo kutwa nzima. Nilifungua Kutoka sura ya ishirini nikaisoma kwa makini. Biblia inakataza kujichongea sanamu, inakataza kuzisujudia na kuzitumikia. Kuzisugua haikusema. Kwa hiyo Ijumaa iliyofuata, mzee alipolala baada ya chakula, nilipima unga na kuukanda mwenyewe, mgumu kidogo kuliko wa chapati, na Rispah akaleta koleo.

Tulifanya hivyo Ijumaa ile na Ijumaa nyingine. Mayai yalikuwa yanampaka mama, sisi tunamwosha. Elias akawa anashangaa mbona haendelei, nikamwambia labda mayai ya siku hizi hayana nguvu, akabadilisha duka. Tatizo letu likawa jivu. Udi wa mara moja kwa wiki hutoa jivu la kujaza kijiko tu, na tulikuwa tumeshakwangua chetezo mpaka shaba. Ndimu peke yake haifui dafu.

Tulikuwa hapo, Rispah anakwangua, mimi nimemshikilia mama ndani ya unga, niliposikia kandambili. Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Aliona unga. Aliona ndimu na nyuzi za chuma, na trei yake kwenye meza ya kukatia vitunguu. Sikuwa na uongo wa kutosha kufunika meza nzima. Alitutazama, akageuka, akaondoka.

"Anti, tumekwisha," Rispah alisema.

"Endelea kushika unga," nilimwambia, kwa sababu sikujua la kusema, na moyoni nilikuwa nimeshaanza kukunja nguo zangu. Yule ni mtu wa ahadi. Nilikuwa nimeiba ahadi yake na kuisugua.

Kandambili zikarudi. Zilikuja taratibu sana, na kabla sijamwona nilisikia harufu ya udi. Aliingia amekumbatia chetezo kingine, cha udongo, kwa mikono yote miwili, kinatetemeka naye, bado kina joto. Kilikuwa kimejaa jivu mpaka juu. Udi wa Ijumaa moja haukuweza kufanya hivyo. Alikuwa akichoma chumbani kwake kila siku, peke yake, madirisha yamefungwa, nami harufu niliisikia nikadhani ni huzuni, kumbe alikuwa akituwekea jivu.

Alikiweka mezani kando ya ndimu. Akainama juu ya donge la unga akamtazama mama mkwe kwa karibu.

"Hapo puani," alisema, "mwende polepole."

"Sawa, sir."

Alifika mlangoni akasimama. "Na bundi?"

"Amelala, sir."

"Mwacheni alale," akasema, akaniomba chai.